Mteja wa tovuti ana haki ya kujua seva ni ya nani

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Mashine zilizohifadhi picha na ujumbe wa watu hazikuharibika. Kosa lililofanyika wakati wa matengenezo liliukata mtandao wa ndani wa kampuni, na seva zake za majina zikawa hazifikiki. Seva ya majina ndiyo inayojibu swali ambalo simu au kompyuta huuliza ili kuifikia tovuti: jina hili liko kwenye anwani ipi? Isipojibu, tovuti inakuwepo lakini hakuna anayeiona, na barua pepe nazo zinakwama. Siku ile ulimwengu mzima ulijua wa kumuuliza, na kampuni ikatoa maelezo hadharani. Zahanati, shule au kampuni ndogo ya utalii inapopatwa na mkasa kama huo, mara nyingi haijui hata pa kuanzia, kwa kuwa haijui seva zake za majina zinamilikiwa na nani.

Kutojua huko hakutokani na uzembe wa mteja. Wengi wanaouza huduma ya kuhifadhi tovuti hawamiliki mashine. Wananunua nafasi kwa jumla, mara nyingi Ulaya au Marekani, wanaigawa na kuiuza rejareja kwa jina lao. Hiyo ni biashara halali, na imewawezesha wafanyabiashara wengi wadogo kuwa na tovuti kwa bei wanayoimudu. Shida inaingia pale muuzaji wa jumla anapotoa seva za majina zilizo chini ya kikoa (jina la anwani ya mtandaoni) kisichomtaja yeyote: si jina lake, si la muuzaji wa rejareja. Ukikifuatilia kikoa hicho, hukuti ofisi wala namba ya simu. Kimetengenezwa hivyo ili mteja asitambue kwamba kuna mtu wa tatu. Naamini utaratibu huu unambebesha mteja hatari asiyoiona. Muuzaji makini auache, atumie seva zenye jina la kikoa chake mwenyewe, na muuzaji wake wa jumla amtaje ndani ya mkataba.

Hatari hiyo hujitokeza waziwazi siku ya kuhama. Muuzaji wa jumla anaweza kupandisha bei, kufilisika, au kufunga akaunti ya aliyechelewa kulipa. Ikiwa seva za majina ziko chini ya kikoa cha muuzaji wa rejareja, atahamisha mafaili, atabadilisha anwani za seva hizo mahali pamoja kupitia msajili wake, na tovuti zote zitafuata bila wateja kugusa chochote. Ikiwa jina si lake, hana mamlaka nalo. Itabidi kila kikoa cha kila mteja kibadilishwe kimoja kimoja, na hapo ndipo inapogundulika kwamba mmoja amesahau nywila, na kikoa cha mwingine kilisajiliwa na mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Hata mabadiliko yakikamilika, kumbukumbu za zamani hazifutiki papo hapo: kwa vikoa vya .com, rekodi inayoelekeza kwenye seva za majina inaruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu hadi saa 48. Kwa hoteli inayopokea nafasi za wageni kwa barua pepe, siku mbili ni hasara.

Wauzaji hujibu kwamba hata mwenye duka la rejareja hamwambii mteja alikonunua sukari, na kwamba wakimtaja muuzaji wa jumla, wateja watamkimbilia. Hofu hiyo naielewa, kwani faida yao ni ndogo. Lakini sukari ikishauzwa inaondoka na mnunuzi. Tovuti hubaki kwenye mashine ya mtu mwingine kila siku ya mwaka, pamoja na taarifa za wagonjwa au wanafunzi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mwenye zahanati atayatimizaje kama hajui taarifa ziko nchi gani? Siri yenyewe, isitoshe, haifichi kitu kwa mjuzi. Anwani ya mtandao ya seva hutafutwa kwenye daftari za wazi za mashirika yanayogawa anwani hizo, kama AFRINIC au RIPE, na mmiliki wake anaonekana kwa dakika chache. Mshindani ataipata, asiyejua ni mteja peke yake.

Wapo pia wasemao kuwa muuzaji mdogo hana utaalamu wa kuendesha seva zake. Hatakiwi kuziendesha. Anaweza kuweka jina lake kwenye mashine zilezile za muuzaji wa jumla, kazi ambayo kwa kawaida ni fupi na wauzaji wengi wa jumla huiruhusu. Hoja nzito zaidi ni kwamba kikoa chake kikiisha muda, wateja wote huzimika naye. Ni kweli, na dawa yake ni kukilipia mapema; kikoa cha .com kinaweza kusajiliwa hadi miaka 10 kwa mkupuo. Wala jina pekee halitoshi. Januari 2001, tovuti za Microsoft zilipotea kwa karibu siku nzima kutokana na kosa kwenye ruta moja, kwa sababu seva zake zote nne za majina zilikuwa nyuma yake. Muuzaji anayempa mteja majina mawili yanayoelekea kwenye mashine moja anarudia udhaifu uleule. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ankara ya mwaka ujao, mteja adai kwa maandishi jina la mwenye mashine, nchi zilipo, na uthibitisho kwamba kikoa chake kimesajiliwa kwa jina lake mwenyewe.