Bei Bila Nauli Si Bei

Mtu aliyeko Singida aona gauni katika simu yake, lauzwa Kariakoo kwa shilingi 25,000. Alipa. Ndipo aambiwapo kuwa nauli ya basi ni juu yake, na kwamba mzigo hautaondoka mpaka aiongeze. Atakataaje, hali fedha yake imekwisha kushikwa? Twaona kuwa hapo pana dhuluma, hata kama nauli yenyewe ni halali. Kosa liko katika saa ya kuitaja.

Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili katika agizo lake la mwaka 2011: gharama ya kupeleka mzigo ambayo mnunuzi hakutajiwa kabla ya mapatano kufungwa, halazimiki kuilipa. Kenya nayo, katika sheria yake ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012, yamtaka muuzaji wa mtandaoni atoe kwanza habari zilizoagizwa.

Hata hivyo, tusiwatetee wanunuzi bila kupima. Wako waagizao mzigo wa kulipia mlangoni, kisha wakazima simu. Muuzaji, ambaye mara nyingi ni mama mwenye meza moja tu sokoni, hubaki na gharama ya kwenda na kurudi. Na kijana wa bodaboda, aliyetia petroli kwa fedha zake, huambiwa asubiri ujira mpaka mzigo mwingine. Yeye hakuwamo katika mapatano yale. Alipwe safari yake siku ileile, na wenye ugomvi waendelee kusemezana.