Jibu la Saa 72

Jalada lenyewe si nene. Huwa na picha mbili tatu za mtoto aliyevishwa nguo asizozizoea, karatasi ya tabibu yenye uzito na urefu na mzingo wa kichwa, jina alilopewa na kituo kilichomlea, mahali alipookotwa, ambapo aghalabu ni mlango wa hospitali au kizingiti cha kituo chenyewe, na mistari michache isemayo kwamba anapenda muziki na humfahamu mlezi wake. Kisha, kwa maneno makavu ya kidaktari, imeandikwa ile ila iliyomtia katika orodha ya watoto wenye mahitaji maalumu: mdomo sungura, tundu moyoni, mgongo wazi, homa ya ini, mtindio wa ubongo. Mke na mume walio Ohio au Minnesota, ambao hawajapata kumwona mtoto huyo wala kusikia sauti yake, hutakiwa wayasome hayo, waulize, wasali kama ni watu wa kusali, kisha wajibu kama watamwasili. Katika utaratibu wa Uchina, uliokuwa kwa miaka mingi mkubwa kuliko wote wa namna yake, wakala aliyelishika jalada kwa ajili ya familia kutoka katika orodha ya pamoja alikuwa na saa 72 za kupeleka barua ya nia.

Mtu wa pwani, ambaye kwake mtoto huhama kutoka kwa mama kwenda kwa bibi au kwa shangazi bila karatasi wala muhuri, atalistaajabia jambo hili, na pengine atalichukia, akisema kwamba mwanadamu hachaguliwi kama kitambaa cha dukani. Nami nalichukia kidogo. Walakini rai yangu ni kwamba anayelisoma jalada akasema hapana kwa sababu za insafu hana taksiri mbele ya mtoto yule, na kwamba anayesema ndiyo kwa huruma peke yake aweza kumdhulumu kuliko aliyekataa.

Sheria ya Uchina ya kuasili watoto, iliyoanza kazi mwaka 1992, iliwafungulia wageni mlango katika siku ambazo amri ya mtoto mmoja ilikuwa imevijaza vituo watoto wa kike wenye afya njema, na mwaka 2005 peke yake Marekani ilipokea kiasi cha watoto 7,900 kutoka huko. Baadaye wasichana wale wazima wakapungua, foleni ya kuwangoja ikawa ya miaka mingi, na waliobaki wakipelekwa ng'ambo wakawa hasa watoto waliozaliwa na maradhi au walemavu, wavulana kwa wasichana. Hata katika nchi zinazoendelea kuwatoa watoto, kama Colombia, India na Bulgaria, mgeni aombaye mtoto aghalabu huonyeshwa jalada la namna hii.

Kabla jalada halijaja, huja fomu. Hiyo ndiyo karatasi ngumu, ingawa wasimulizi wa visa hivi huipita mbio ili wafike kwenye picha. Ni orodha ndefu ya maradhi na ulemavu, na mbele ya kila jina pana nafasi ya kutia alama: twakubali, hatukubali, tutafikiri. Mume aona haya kutia alama ya kukataa mbele ya mkewe, mke aona haya mbele ya mumewe, na wote wawili waona haya mbele ya afisa wa ustawi wa jamii atakayeisoma. Basi wakatia alama nyingi za kukubali kuliko zilizo mioyoni mwao, wakidhani kwamba karatasi ni karatasi tu. Mimi naona fomu ile ina ukweli kuliko jalada, kwa kuwa hujazwa pasipo uso wa mtoto. Uso ukishakuja, akili hupoteza nusu ya nguvu zake.

Na uso hudanganya pande zote mbili. Mtoto wa mdomo sungura huogofya pichani, ilhali mdomo hushonwa, kaakaa hushonwa, hufuata meno na mwalimu wa matamshi, na kazi ile, ingawa ni ya miaka, ina mwisho unaoonekana. Mtoto wa thalasemia kutoka Guangxi apendeza, mashavu yamejaa, hana ila ya kuonekana kwa macho. Naye, kama maradhi yake ni ya namna kali, ataongezwa damu kila wiki chache, na dawa ya kutoa madini ya chuma mwilini haitamwacha. Mtoto wa mgongo wazi aweza kuwa mchangamfu kuliko wote, na nyumba itakayompokea yapasa ijue nani atamtia mpira wa mkojo mara kadhaa kwa siku, nyumbani, shuleni na safarini, hata yeye mwenyewe ajifunze.

Wako matabibu wanaoyasoma majalada haya. Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua mwaka 1986 kliniki ya kwanza Marekani ya watoto walioasiliwa kutoka ng'ambo, chini ya Dk. Dana Johnson, ambaye wenziwe wamepokea kwake kipimo hiki cha kukadiria: mtoto hupoteza mwezi mmoja wa kukua kwa kila miezi mitatu anayokaa kituoni. Tabibu hutazama mzingo wa kichwa kabla ya kutazama ugonjwa uliotajwa, naye husema yaliyo yakini na yaliyo shaka. Hapo ndipo ilipo ila ambayo jalada haliitaji, nayo ni kituo chenyewe. Uchunguzi uliofanywa Bucharest tangu mwanzoni mwa karne hii kwa watoto 136 waliokuwa katika vituo vya Romania ulionyesha kwamba waliohamishiwa katika familia kabla ya kutimiza miaka miwili walipata nafuu kuliko waliochelewa, katika akili na katika kuungana na wanaowalea. Moyo wenye tundu huzibwa na mpasuaji; mtoto aliyelia miaka minne pasipo kuitikiwa hana mpasuaji.

Kwa hiyo siwaafiki wanaosema, "Chukueni tu, Mungu atawapa nguvu." Mungu hutoa nguvu, naam, lakini hospitali bingwa iliyo saa tano mbali na nyumba haisogei kwa dua, wala mwajiri asiyetoa ruhusa hageuki kwa nia njema ya mwajiriwa. Shirika la habari la Reuters lilifichua mwaka 2013 jinsi baadhi ya wazazi wa Marekani walivyokuwa wakiwagawa watoto waliowaasili, wengi wao kutoka nchi za kigeni, kwa watu wasiowajua, kwa matangazo ya mtandaoni. Wazazi hao wote walikuwa wamesema ndiyo. Sidhani kwamba walikuwa wabaya tangu mwanzo. Nadhani wengi walikubali kwa fadhaa ya huruma, na pengine kwa chembe ya ria, wakipenda kuonekana wenye hisani, hata mtoto alipowapiga na kuwakataa wakaona kwamba amevunja mapatano ambayo yeye hakuyaweka. Sheria ya Kiislamu, inayomtaka mlezi asimvue yatima nasaba ya baba yake, ina adabu moja ambayo hata wasio Waislamu wangenufaika nayo: humkumbusha mlezi kila siku kwamba mtoto yule ni amana.

Haya yote hayalifanyi neno hapana kuwa jepesi. Uchina mtoto alipotimiza miaka 14 hakuweza tena kuasiliwa na mgeni, na kila familia iliyokataa ilizisogeza siku zake kuelekea huko. Wala ndiyo haikuwa dhamana ya kutimia. Septemba 2013 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya watoto kutoka nchini, na watoto ambao mahakama zilikwisha kuwapa wazazi wa kigeni wakabaki vituoni kwa miaka. Septemba 2024 Uchina nayo ikafunga mlango, isipokuwa kwa jamaa wa damu na watoto wa kambo, na familia karibu 300 za Marekani zilizokwisha kupewa mtoto wao kwa jina, nyingine tangu kabla ya Korona, zikabaki na picha.

Basi mke na mume wa Ohio na wakae mezani, wamwite tabibu kwa simu, wauhesabu mshahara, watazame nani atabaki nyumbani Jumanne ya kawaida mtoto akiwa na homa. Wala wasiulizane kama mtoto huyu astahili nyumba, kwa kuwa astahili. Wakiona nyumba yao haimtoshi, jalada walirudishe siku ile ile, wasilikalie hata saa ya 72 kwa kuona haya, kwa sababu maadamu liko mikononi mwao hakuna mwingine anayeonyeshwa.