MBWA WAKO ANA MENO 42. UMEWAHI KUYAANGALIA? (Sehemu ya 4)

Mama zangu na dada zangu wa Levolosi na Arusha yote, leo naomba tugombane kidogo.

Kuna maneno nimeyachoka: "Mbwa ni mbwa tu, kumwangalia meno ni uzungu." Haya. Mbwa huyo huyo analinda geti lako usiku kucha, na asubuhi anamlamba mwanao usoni. Uzungu hapo uko wapi?

Mimi nauguza watu, daktari wa mifugo yupo. Ila kinywa ni kinywa. Mabaki ya chakula yanafanya utando kwenye jino, utando unaganda unakuwa ugaga. Fizi zinavimba, zinatoa damu, jino linalegea. Wadudu wanapata njia ya kuingia kwenye damu, na madaktari wa mifugo wanauhusisha ugonjwa huu na madhara ya moyo, ini na figo. Ile harufu kali ya mdomo mnayosema "ndivyo mbwa walivyo", mara nyingi ni ugonjwa.

Na mbwa hasemi. Anatafuna upande mmoja, anadondosha chakula, anakuwa mkali akiguswa mdomo. Sasa nani hapo nyumbani anapenda kumgusa mdomo? Mtoto.

"Mpe mifupa ya supu, itamsafisha." Hapana jamani! Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Unaweza kuvunja jino, kukwama kooni au kutoboa utumbo.

Cha kufanya ni kidogo tu. Mtu mzima achukue mswaki laini na maji safi, amzoeshe taratibu tangu akiwa mdogo. Dawa yetu ya meno usimpe: mbwa hatemi, anameza, na nyingine zina zailitoli, kitamu kinachoweza kumuua. Ugaga ukishaganda, mswaki hautoi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sasa hapa ndipo ninapowabana. Ukizoea kinywa cha mbwa wako, utajua kikibadilika. Mbwa anayetoa udenda mwingi, taya limelegea, hamezi, sauti imebadilika, watu husema "amekwamwa na mfupa", halafu mtu anaingiza mkono autoe. USIINGIZE MKONO! Kichaa cha mbwa kinaweza kuonekana hivyo hivyo, na virusi vyake viko kwenye mate. Ondoa watoto, mfungie bila kumshika, mwite afisa mifugo.

Akimng'ata mtu, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 (macho na mdomo kwa maji tu), kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Hata mkwaruzo mdogo. Pilipili, mafuta ya taa na dawa ya jirani weka pembeni. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa anakufa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu yanatoka kwa mbwa, na asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15.

Kwa hiyo ukimpeleka mbwa kuchanjwa, maana chanjo ni kila mwaka, mwambie daktari: "Na mdomo mwangalie." Ni safari moja, mbwa mmoja.

Kama huna nafasi ya kumtunza mbwa hivyo, basi usimfuge. Geti linaweza kulindwa na kufuli.

Mtumie mwenzako mwenye mbwa na mtoto.