Mapenzi ya Kiwandani Hata Sisi Tunayo

Wasichana wanaojifunza kushona kwangu hapa Mbagala Rangi Tatu huniuliza kwa nini napenda tamthilia za Waingereza wa kale, watu wa makoti meusi na magauni ya kufagia sakafu, wakati zipo za Kituruki na za Kikorea zenye sura nzuri zaidi na machozi mengi zaidi. Huwajibu kwamba sizipendi zote. Napenda zile ambazo wapendanao wana kazi ya kufanya, na mtazamaji anaiona hiyo kazi.

Iliyonishika kuliko zote ni North and South, ambayo BBC waliitengeneza mwaka 2004 kwa sehemu nne. Asili yake ni riwaya ya Elizabeth Gaskell, iliyotoka kidogo kidogo katika jarida la Charles Dickens kati ya 1854 na 1855. Gaskell alikuwa mke wa mchungaji, akiishi Manchester, mji uliokuwa ukivaa moshi wa viwanda vya pamba asubuhi hadi usiku. Akaubadilisha jina, akauita Milton. Humo akamleta Margaret Hale, binti wa mchungaji aliyejiuzulu, kutoka kijiji cha kusini chenye miti na hewa safi. Akamkutanisha na John Thornton, mwenye kiwanda cha nguo, mtu aliyeanza maisha na deni la marehemu baba yake.

Katika tamthilia, Margaret anaingia kiwandani kumtafuta Thornton na kukuta pamba ikielea hewani kama theluji, nzuri ya kutazama. Hapo hapo anamwona Thornton akimpiga mfanyakazi aliyekutwa na kiko katikati ya mashine. Anamchukia siku hiyo hiyo. Mimi ninayeishi na vitambaa na nyuzi najua kwa nini yule bwana alishikwa na wazimu, kwa sababu cheche moja kwenye pamba inatosha kuua watu wengi kabla mlango haujafunguliwa. Margaret ana haki ya kuchukizwa na ukatili ule. Thornton naye ana haki ya kuogopa moto. Mapenzi yao yanaanza kwenye jambo ambalo wote wawili wana sababu, na hakuna hata mmoja anayejua sababu ya mwenzake.

Kisha yanakwenda polepole. Thornton ananyoosha mkono kuaga, Margaret hauchukui, maana kwao kusini si desturi, na mwanamume yule anaondoka amejeruhika. Wasichana wangu waliielewa sehemu hiyo bila mimi kutia neno. Wamekulia nyumba ambazo mwanamke hapeani mkono na mwanamume asiye ndugu yake, na wanajua mkono uliotolewa au uliozuiliwa unaweza kubeba habari nzima. Kwa mengine nawatafsiria huku mguu uko kwenye cherehani, kama Lufufu alivyokuwa akitutafsiria sinema za Kizungu kwenye mabanda ya video. Hawachoki kusubiri. Tunaambiwa kijana wa leo anataka kila kitu ndani ya sekunde kumi. Nimewaona wasichana wa miaka kumi na tisa wakikaa sehemu nne nzima kusubiri watu wawili wapatane, na walipopatana kwenye kituo cha treni mmoja wao alilia.

Naomba niseme wazi kile ninachoamini kinatuvuta. Ni mshahara. Katika hadithi hii wafanyakazi wanagoma kwa sababu ujira hautoshi, Thornton analeta vibarua kutoka Ireland, umati unavamia geti, na Margaret anasimama mbele yake na kupigwa jiwe lililokusudiwa Thornton. Kila hatua ya mapenzi yao inasukumwa na bei ya pamba, deni la benki, watoto wenye njaa mtaa wa nyuma. Na mwisho wake unanifurahisha kama fundi na kama mwanamke mwenye biashara: Thornton amefilisika, Margaret amerithi fedha, na anachomwambia kwanza ni mpango wa kumkopesha ili kiwanda kifunguliwe tena. Mapenzi yanatamkwa kwa hesabu ya riba, na ni tamko tamu kuliko shairi lolote. Hapa Mbagala tunajua maana ya mtu kukuamini na fedha yake.

Wapo wanaonikemea. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, aliniambia: "Mama, hayo ni mambo ya waliotutawala, sisi yanatuhusu nini?" Nilimjibu kwamba pamba inatuhusu tangu kabla ya yeye na mimi kuzaliwa. Kitambaa cheupe cha merikani, kilichotoka kwenye viwanda vya Massachusetts na kupitia Unguja, kilikuwa fedha ya misafara ya bara katika karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, pamba ilikatika, viwanda vya Lancashire, jimbo la Manchester, vikakosa kazi, na biashara ya vitambaa pwani yetu nayo ikayumba, wafanyabiashara wakageukia nguo za Uingereza na Bombay. Njaa ya mfumaji wa Manchester na doti la mwanamke wa Unguja vilikuwa kwenye uzi mmoja.

Halafu ikaja zamu yetu ya kuilima. Kuanzia 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, kwa malipo ambayo wengine waliyakataa kwa udogo wake. Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa mashina ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Babu yangu alikuwa mtu wa huko. Hakupanda pamba maisha yake yote, na hakupenda hata mtoto ailete nyumbani. Watu wengi wa Mbagala na Temeke wana babu wa Kilwa, wa Rufiji, wa Umatumbi. Tukiona pamba inaelea kwenye kioo cha televisheni, hatutazami mambo ya wageni.

Na viwanda tulijenga. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kando ya Barabara ya Morogoro pale Ubungo. Kilisokota uzi, kikafuma, kikapiga chapa kanga na vitenge, yote ndani ya ukuta mmoja. Vijana walitoka mikoani, wakapewa zamu, wakapata chumba Manzese, wakapata kitu ambacho wazazi wao hawakuwahi kuwa nacho: mshahara unaokuja tarehe inayojulikana. Mwanamke wa miaka ishirini akiwa na fedha yake mfukoni mwisho wa mwezi, mapenzi yanabadilika. Anaweza kukataa posa. Anaweza kusubiri.

Shangazi yangu alikuwa msichana huyo. Alisokota uzi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini miaka ya 1970. Mume wake alikuwa fundi mitambo, na shangazi husimulia kwamba mashine yake ilikuwa ikiharibika kidogo tu, fundi ashafika, wakati za wenzake zinangoja. Kelele zilikuwa kubwa mno kwa maneno, wakazungumza kwa macho, midomo na vidole. Nilipomwambia wafumaji wa Lancashire nao walikuwa hivyo, wakisomana midomo katikati ya ngurumo za mashine, hakushangaa hata kidogo. "Sasa wangefanyaje?" aliniuliza. Barua ya posa ilipofika kwa babu, mzee yule wa Umatumbi aliuliza swali moja tu kuhusu mkwe wake: huko kwenye pamba, analipwa kila mwezi? Akaambiwa analipwa. Akakubali.

Tulitazama naye tamthilia hii, shangazi akiwa amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Aliyemgusa hakuwa Margaret. Alikuwa Bessy Higgins, binti wa kiongozi wa wagomaji, anayekufa taratibu kwa sababu mapafu yamejaa mavumbi ya pamba. Gaskell anaeleza katika riwaya kwamba lilikuwapo gurudumu la kuvuta mavumbi nje, lakini matajiri wengi hawakulinunua kwa kuwa halileti faida. Wapo hata wafanyakazi waliolikataa, maana mavumbi waliyoyameza yaliwapunguzia njaa. Shangazi aliniomba nirudie kutafsiri maneno hayo. Kisha akasema, "Huyu mwandishi alikwenda kuuliza watu."

Ndilo jambo ninalotaka kulisema kwa watengeneza tamthilia wetu. Yule mama alikwenda kuuliza watu.

Kwenye tamthilia zetu nyingi mapenzi yamefungiwa sebuleni. Kuna jumba Mbezi Beach, kuna gari la kifahari, kuna mama mkwe asiyeridhika, na kuna mwanamume anayeitwa mfanyabiashara ambaye hadi mwisho hatujui anauza nini. Siri ya Mtungi mwaka 2012 ilitupa Cheche, mpiga picha mwenye studio yake, na nakumbuka jinsi watu walivyomshika kama jirani yao, kwa sababu kamera yake ilikuwa riziki. Tulipokea kwa moyo mmoja hata tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na TBC mwaka 2011, hadi Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. China ilitujengea kiwanda, kisha ikatuletea hadithi za nyumba zake. Hadithi ya watu waliopendana ndani ya kile kiwanda hatujaifanya wenyewe, na inaniuma.

Maana kila kitu kipo tayari. Muziki upo: Urafiki walikuwa na bendi yao, Urafiki Jazz, iliyoanzishwa 1970 kutangaza bidhaa za kiwanda, na mwimbaji wake Ngulimba wa Ngulimba alijulikana mji mzima. Chama cha wafanyakazi nacho kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, bendi iliyokuja kuwa JUWATA, OTTU, na leo Msondo Ngoma. Hayati Muhidin Gurumo alikuwa mmoja wa sauti zake. Fikirini: chama cha kudai ujira ndicho kilichowaimbia watu nyimbo za mapenzi Jumamosi usiku. Gaskell angekuwa hai angetuonea wivu.

Mgogoro upo pia. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikawakataza viongozi kuwa wababe na wenye dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi wakakisoma, wakakielewa, wakakitumia. Hadi 1973 wakawa wanagoma, wanawafungia nje mameneja, na pale Mount Carmel, kiwanda cha mpira hapa hapa Dar es Salaam, wakakichukua na kukiendesha wenyewe. Profesa Issa Shivji aliyaandika mapema, katika kitabu chake cha 1976. Mwekeni meneja kijana mmoja ndani ya geti na msichana wa kusokota uzi nje ya geti, asubuhi ya mgomo, na wawe wamecheza dansi pamoja wiki iliyopita. Mnahitaji nini zaidi?

Na ifanywe haraka, nina sababu ya kusema hivyo. Urafiki iliingia ubia na Wachina mwaka 1997, wao wakiwa na asilimia 51, na miaka iliyofuata uzalishaji ulidorora. Walioanza kazi 1968 wakiwa na miaka ishirini, leo wako karibu na themanini. Wengine wako Manzese, Mabibo na Buguruni. Wanakumbuka zamu, wanakumbuka wimbo gani ulipigwa usiku gani, wanakumbuka nani alimwoa nani na kwa nini. Na kazi yenyewe haijaisha: wasichana wanaoingia alfajiri eneo la EPZ Mabibo kushona jinzi za kwenda nje, na wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya hapa Mbagala, nao wanapenda, wanaposwa, wanasubiri tarehe ya mshahara.

Mtayarishaji atakayethubutu aanze mwaka 1969, mwezi Januari, Operesheni Vijana ilipoanza na wasichana waliovaa sketi fupi wakawa wanafukuzwa barabarani na vijana wa TANU. Huo ni mlango mzuri wa kuingilia: msichana ametoka zamu, amevaa alichokinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Suruali za bugaluu, mashati ya kola ndefu, vitenge vya chapa za wakati ule, sketi yenyewe, vyote nitashona mimi hapa Rangi Tatu. Viatu vya raizoni atafute kwingine.