Utumishi shuleni usiwe kazi ya mtoto asiye na ada

Kila mwaka, muhula wa tatu unapokaribia kwisha, shule nyingi za sekondari zilizo chini ya Kanisa Katoliki hapa Burundi hufanya misa ya shukrani. Kwaya hujinoa wiki nzima, nyasi hufyekwa, mawe ya kandokando ya njia hupakwa chokaa, na mgeni rasmi huandaliwa kiti chenye mto. Ni desturi nzuri na mimi ni mmoja wa wanaoipenda. Lakini kuna jambo ambalo limekuwa likijirudia katika baadhi ya sherehe hizo, na kwa kuwa wanaoguswa nalo wengi ni watoto wetu sisi tuliorejea kutoka uhamishoni, naona halifai kuendelea kunyamaziwa.

Jambo lenyewe ni hili. Inapofika zamu ya shukrani, husimamishwa watoto wanaosomeshwa kwa msaada. Hupangwa mstari mbele ya wafadhili, mmoja wao husoma risala, wengine huimba. Ukichunguza vizuri utakuta watoto hao hao ndio waliofyeka zile nyasi, ndio waliopaka ile chokaa, na ndio watakaosugua masufuria wageni wakishaondoka. Mtoto ambaye mzazi wake amelipa ada, au minerivali kama wengi tunavyoiita hapa kwetu, hukaa kwenye benchi na kupiga makofi. Ndani ya shule moja zinapatikana shule mbili, ya wanaolipa na ya wanaotumika.

Sisemi kwamba shule zote ziko hivyo, na wala siandiki kulichafua Kanisa. Shule hizi tunazijua: Serikali inalipa mishahara ya walimu, Kanisa linasimamia, na milango yake iko wazi hata kwa Mpentekoste na Mwislamu. Bila shule hizo, wengi wa watoto waliotoka makambini wangeishia darasa la sita. Naandika kama mtu wa ndani.

Mimi nilizaliwa na kusomea Katumba, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, sehemu ambayo leo iko mkoa wa Katavi nchini Tanzania. Shuleni tulikwenda na daftari mkono mmoja na jembe au fagio mkono wa pili. Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza mwaka 1967, ilikuwa imeshaanza kuchoka enzi zangu, lakini shamba la shule lilibaki. Tulilima mahindi, tulichota maji, tulifagia uwanja kabla ya kengele. Sitaki kupamba mambo. Zilikuwepo siku ambazo shamba tulilolima halikuwa la shule bali la mwalimu, na kila mtu alijua. Hata hivyo, jambo moja halikuwa na ubishi: mtoto wa mwenyekiti alilima, mtoto wa mwenye duka alilima, na mtoto wa mjane alilima. Hakuna aliyetazama jembe na kujua kwao kuna nini.

Nilirejea mwaka 2009, pamoja na wale wapatao 53,000 wa makazi ya zamani waliochagua kurudi badala ya kuomba uraia wa Tanzania. Wakati huo tayari mamia ya maelfu ya wenzetu wa makambi ya Kigoma na Kagera walikuwa wamerudi tangu mwaka 2002. Baada ya vurugu za mwaka 2015 wengine tena walikimbia, na kuanzia mwaka 2017 nao wakaanza kurudishwa. Kwa hiyo mwalimu wa mikoa ya kusini na mashariki amewapokea watoto wa mawimbi yote hayo, mmoja baada ya mwingine, na anajua wanachokuja nacho: umri mkubwa kuliko darasa, Kiswahili kizuri, Kifaransa hamna, na mzazi ambaye shamba lake limeshikwa na mtu mwingine, au amepangiwa nyumba katika kijiji cha amani kisicho na ardhi ya kulima.

Mzazi wa namna hiyo ada ataipata wapi? Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika, na mara nyingi huharibika kwa nia njema. Nimewahi kufundisha katika shule, ambayo sitaitaja, ambako mhasibu alikuwa na orodha ya wasiolipa. Badala ya kuwafukuza, mkuu wa shule, ambaye alikuwa mtu mwema, akaamua wabaki na wasaidie kazi. Mwanzoni ilikuwa Jumamosi tu. Muhula wa pili ikawa kuni kila jioni na maji kila asubuhi. Wenzao walipokuwa kwenye masomo ya jioni chini ya taa, wao walikuwa bado bondeni na ndoo. Matokeo yalipotoka, walikuwa mkiani katika hisabati na Kifaransa, nami nikasikia katika chumba cha walimu maneno ambayo sitayasahau, kwamba watoto wa wakimbizi ni wazito. Hakuna aliyehesabu saa walizokosa. Na kazi ile iliitwa utumishi, na kila Jumapili ilisifiwa kanisani.

Utumishi ni neno kubwa kwa Mkristo. Alhamisi Kuu padri huinama akawaosha watu kumi na wawili miguu, kwa sababu usiku ule aliyeosha alikuwa Bwana na waliooshwa walikuwa wanafunzi. Tukiligeuza tendo hilo, mdogo akawa ndiye anayeosha kila siku na mkubwa akawa wa kuoshwa, tutafute jina jingine la kuliita. Warundi hatukungoja hata kufundishwa na mapadri. Tunayo ikibiri, ile desturi ya majirani kukusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Katika ikibiri hakuna shamba ambalo wenyewe hawashiki jembe. Anayekaa kivulini akiangalia wenzake wanalima huulizwa kama ni mgonjwa.

Na sasa niseme na ndugu zangu wafanyabiashara wa Mugina, Manyovu, Kobero na Kabanga, maana nanyi mmo katika jambo hili, na ninyi ndio mnaolipa ada kwa wakati. Mzee mmoja anayevusha mchele na sabuni aliniambia hivi: "Mwalimu, mimi naamka saa tisa usiku niwahi forodhani ili mwanangu asishike ndoo. Nimelipa. Akafagie vyoo kwa nini?" Namwelewa. Aliyebeba mizigo kichwani miaka kumi hawezi kufurahi kumwona mtoto wake na mzigo. Nilimjibu kwa kumkumbusha biashara yake mwenyewe. Mpakani watu wanaishi kwa mali kauli. Unachukua magunia ishirini kwa mtu wa upande wa pili, huandikiani karatasi, unauza, unarudisha fedha. Anayekukabidhi mzigo wake hakuombi cheti. Anataka kujua umekuaje, umeishi na watu vipi, ukipewa cha mwenzio unakishikaje. Mambo hayo mtoto huyapata bwenini na jikoni, akiwa zamu moja na mtoto wa mtu asiye na kitu. Akizoea tangu miaka kumi na minne kwamba kuna watu wa kumsugulia sufuria, atafika mpakani na tabia hiyo, na mali kauli hapewi.

Lakini mfano huo wa mali kauli una upande wa pili, nao unatuhusu sisi tuliorejea. Mali kauli ni deni. Lina siku ya kulipwa, na usipolipa jina lako linaharibika. Fadhila haiendi hivyo. Mtoto aliyesomeshwa kwa msaada hakuchukua magunia ya mtu. Tumekaa miaka mingi tukipanga foleni ya mahindi na maharage, tukiinua kadi, tukisema asante kwa kila kijiko cha mafuta, na wengi wetu tumebeba mazoea hayo mpaka nyumbani. Mzazi anamwambia mwanawe: fanya lolote unaloambiwa, usije ukaonekana huna shukrani. Maneno hayo yananiuma zaidi ya yale ya chumba cha walimu.

Tuiangalie habari ya wale wakoma kumi katika Injili ya Luka. Mahubiri mengi ya misa ya shukrani hutumia habari hiyo kuwasema wale tisa. Ni sawa, wasemwe. Ila wahubiri wachache hukumbusha kwamba wale tisa walibaki wazima. Hakuna aliyetumwa kuwafuata barabarani awarudishie ukoma wao. Na yule mmoja aliyerudi kushukuru alikuwa Msamaria, mgeni katika nchi ile, naye alirudi kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyempanga mstari. Mwanafunzi akiamua mwenyewe kumwandikia barua aliyemlipia ada, nitamsahihishia tahajia kwa furaha. Akisimamishwa mbele ya umati ili ufukara wake uonekane, hapo tumemdai.

Hapa Burundi tuna sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi walivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi wakati huo, wakawaamuru wanafunzi watengane, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa kutengana. Arobaini waliuawa. Wiki sita hivi kabla yao, usiku wa tarehe 18 Machi, wanafunzi wa Nyange nchini Rwanda walipewa amri kama hiyo nao wakaikataa, na baadhi yao wakauawa. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa gombera wa Buta, ameandika kitabu juu ya vijana wake, na mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilianza rasmi mchakato wa kuomba watangazwe wenye heri.

Umoja ule haukuzuka alfajiri ile ndani ya bweni. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993 shule ilihangaika kuwaweka vijana pamoja, katika sala, katika mazungumzo ya wazi, katika michezo, wakati huko nje watu walikuwa wanatengana mtaa kwa mtaa. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Leo hakuna anayeingia bwenini kuwatenga watoto kwa kabila, tunamshukuru Mungu. Lakini orodha ya mhasibu inawatenga kila asubuhi saa kumi na moja, na sisi tunawataja mashahidi wa Buta katika mahubiri kisha tunakwenda kunywa chai iliyochemshwa na wale wa kwenye orodha.

Mambo yanaweza kwenda vingine, nami nimeyaona yakienda vingine. Katika shule ninayofundisha sasa, kusini, karibu na mpaka, vijana wa Xaveri, chama kilichoanzia Bukavu miaka ya 1950, walikuja kwa walimu na wazo lao. Walisema wapewe saa moja mara mbili kwa wiki wawafundishe Kifaransa wenzao waliotoka Tanzania. Tuliwapa darasa na chaki. Baada ya miezi michache wakagundua kwamba wao nao Kiswahili na Kiingereza vinawapiga chenga, na hayo ni masomo ambayo nchi yetu iliyaingiza katika shule za msingi katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2007 tukaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki ambako bila lugha hizo huendi mbali. Basi zamu zikageuka. Msichana aliyekuwa haongei darasani, ambaye wenzake walimjua kwa ndoo tu, akasimama ubaoni kuwaeleza wana wa wafanyabiashara ngeli za Kiswahili. Aliwakaripia, tena kwelikweli. Hakuna aliyeuliza nani amelipa.

Hicho nakiita utumishi, nami sioni kwa nini isiwe hivyo kila mahali. Haikuhitaji mfadhili. Haikumhitaji hata Mkatoliki, kwa kuwa nusu ya waliofundisha Kifaransa ni watoto wa Kipentekoste, na misa ya Jumatano haiwahusu. Kuna walimu wenzangu waliotaka kazi hiyo ihesabiwe katika alama za dini. Nilipinga na nitaendelea kupinga. Imani ya mtoto haina rejista.

Kazi za mikono zibaki. Siwaungi mkono wanaosema shule ziajiri wafagiaji na watoto wasome tu. Fedha hizo hazipo, na hata zingekuwepo ningependa mtoto ajue kusafisha choo alichokitumia. Ila zamu zipangwe kwa herufi za majina au kwa vyumba vya bweni, na kamwe zisipangwe kwa daftari la mhasibu. Saa za masomo ya jioni zisiguswe kwa ajili ya kuni. Adhabu nayo itenganishwe na utumishi, maana mtoto aliyechelewa akipewa kwenda kumchotea maji bibi kizee wa jirani, tumemfundisha kwamba kumsaidia mzee ni balaa. Na mzazi ambaye hana fedha aruhusiwe kulipa kwa alichonacho yeye mwenyewe, maharage, mkaa, siku za kufyatua matofali, kuliko mwanawe kulipa kwa saa zake za kusoma.

Mkuu wa shule peke yake hawezi kulibeba hili, maana yeye ana deni la unga dukani na wafadhili wanaotaka picha. Kamati za wazazi hukutana shule zinapofunguliwa mwezi Septemba. Sisi tuliorejea huwa tunakaa viti vya nyuma katika mikutano hiyo, wengine kwa sababu ya Kifaransa, wengine kwa sababu ya ada ambayo haijalipwa, na wafanyabiashara huwa hawafiki kabisa kwa kuwa ni siku za msongamano forodhani. Safari hii tufike. Agenda ikifika kwenye ada, mtu mmoja anyooshe mkono aombe orodha ya zamu isomwe kwa sauti, majina yote, mbele ya wote. Kirundi kinatosha kuuliza hilo.