Mti wa Leta Hauna Mwenyewe

Kila mara mji wa kwetu unapopata franga za kupanda miti kando ya barabara, mambo yanakwenda kwa njia ile ile. Magari yanafika, mkubwa anashika jembe, picha inapigwa, hesabu ya miche inasomwa mbele ya watu. Kisha kila mtu anarudi kwake. Kiangazi kikifika, nusu ya miche imeliwa na mbuzi, nusu imekauka, na vijiti vilivyoizunguka vimeingia jikoni. Ukimwuliza mwenye duka ambaye mche umekufa mbele ya mlango wake, atakujibu: "Ule muti ni wa leta."

Wakubwa wanasema huo ni ujinga wa raia. Sisi tunakataa. Jibu la mwenye duka ni sheria, tena sheria iliyo ya zamani kuliko ofisi ya meya.

Huku kwetu mti haukuwa pambo. Mti ni neno juu ya ardhi. Mtu aliyeazimwa shamba, hapa Kashuga kama Masisi yote, anapanda maharagwe, mahindi, viazi. Akithubutu kupanda mti, mwenye shamba anakuja mbio, maana mti unasema: "Mimi nimekaa hapa." Kule Bushi, mkataba wa bwasa ulikataza mimea ya kudumu. Na ule mti ambao wasemao Kinyarwanda wanauita umuvumu ulipandwa kwenye uzio wa boma. Huko Rwanda, mahali walipokaa wafalme wa kale panatambulika kwa miti hiyo, ingawa nyumba zilioza zamani. Mpita njia akiuona mti alijua una mwenyewe, na mwenyewe ana jina.

Ni leta iliyovuruga mambo hayo. Amri ya Wabelgiji ya tarehe 5 Desemba 1933 iliruhusu kazi za lazima hadi siku 60 kwa mwaka. Baadaye, wakati wa Mobutu, ikaja salongo. Mtu alichimba shimo kwa kuamriwa, na kesho yake mti haukuwa wake hata kwa tawi moja la kuni. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ikamalizia: udongo wote ni mali ya leta. Sasa tunashangaa nini raia akiiachia leta mti wa leta?

Watakuja wengine waseme: hayo ni mambo ya kijijini, mjini kuna utaratibu mwingine. Haya, twende Nairobi. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, kwa sherehe na heshima zote. Iliyopona ni 2 tu. Baadaye shirika lake, Green Belt Movement, lilishika njia nyingine: akina mama walipewa pesa kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Hapo ndipo miti ikawa mamilioni. Na huku Kivu Kaskazini, mradi wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007, ulipanda katika mashamba ya watu wenyewe, na mti ukawa wa mpandaji. Mila ilisema hayo kabla ya miradi yote.

Mtatuuliza: na vita je? Watu wanakimbia, nani atamwagilia? Ni swali zito. Kashuga imepokea wakimbizi wa ndani miaka na miaka. Tunajua kwamba aliyelala kwenye kiwanja cha mwingine hapandi mti. Lakini hiyo ndiyo hoja yetu. Mtu hupanda pale anapoamini kwamba atakikalia kivuli. Mpe neno la hakika, hata dogo, naye ataleta maji.

Kwa hiyo tunamwambia yeyote anayekaa katika ofisi ya mji, Goma au kwingine, mambo matatu. Kwanza: kila mti upewe mwenyewe, yaani yule anayeishi au anayeuza mbele yake, hata akiwa mpangaji, kwa karatasi yenye jina lake. Matunda ni yake, matawi makavu ni yake. Ardhi inabaki ya mji, ili mti usigeuke hila ya kunyang'anyana viwanja. Pili: pesa igawanywe. Sehemu ndogo itolewe siku ya kupanda, kubwa itolewe baada ya viangazi viwili, kwa mti ulio hai. Goma, ambako kuna mitaa iliyofunikwa na lava ya Januari 2002 na shimo moja ni kazi ya nyundo, kuchimba bure ni dhambi. Tatu: watu waulizwe wanataka mti gani. Atakayechagua avoka ataulinda dhidi ya mbuzi kuliko polisi yeyote.

Wazee walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Miji yetu inalipa mkunga na kumwacha mtoto barabarani. Siku itakapomlipa mlezi, hakuna atakayesema tena kwamba ule mti ni wa leta. Atasema: "Ule ni wangu, usiuguse."