Pikapu ya kuvuta tela haihitaji kemshafti ya mashindano

Kila msimu wa mavuno unapokaribia, wenye pikapu za zamani huanza kukumbuka gereji. Gari limepungua nguvu, tela la vitunguu halipandi mlima kama zamani, na mafuta yanakwenda kama maji. Hapo ndipo baadhi ya mafundi hutoa ushauri mmoja wenye kuvutia: toa kemshafti ya kiwandani, weka iliyo “kali”, na gari litakuwa jipya.

Ushauri huo una ukweli ndani yake, ndiyo maana unauzika. Kemshafti kali huongeza nguvu kweli. Tatizo ni mahali inapoiongeza. Kwa mkulima au mfanyabiashara ambaye gari lake linaingiza pesa kwa kuvuta mzigo, nguvu hiyo huongezeka pale asipoihitaji na kupungua pale anapoihitaji sana.

Kemshafti ni fimbo ya chuma yenye nundu, ambayo huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Nundu hizo ndizo zinazosukuma roka, na roka hufungua valvu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 20 hivi kwa sekunde moja. Umbo la nundu huamua valvu ifunguke kiasi gani na ibaki wazi kwa muda gani.

Kemshafti ya mashindano huiacha valvu wazi kwa muda mrefu, kwa sababu injini inayokimbia sana haina muda wa kuvuta hewa ya kutosha. Lakini injini ikienda polepole, muda huo mrefu huwa hasara. Pistoni inakuwa imeshaanza kupanda huku valvu ya kuingiza bado iko wazi, na sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli inarudishwa ilikotoka. Mgandamizo unapungua, na mvuto wa chini unakufa.

Mfano mzuri ni Toyota Hilux za petroli za miaka ya 1980 na 1990 zenye injini ya 22R, ya ujazo wa sentimita za ujazo 2,366. Ile ya kabureta ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu farasi 97 hivi kwenye mizunguko 4,800. Watu hupenda kutaja namba hiyo, lakini mwenye tela aangalie nyingine: nguvu yake kubwa ya kuvuta, kama Nm 175, hupatikana kwenye mizunguko 2,800 tu. Waliounda injini hiyo walijua itabeba mzigo. Pikapu inayopanda Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni ikiwa na tela la vitunguu haifiki 4,800. Dereva yuko gia ya pili au ya tatu, na injini inahangaika kati ya 1,800 na 3,000. Hapo ndipo mvuto unapotakiwa.

Tena kuna suala la mwinuko, ambalo vitabu vya wauza kemshafti wa Marekani havimfikirii mtu wa Iringa. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Juu ya mita 1,500, hasara inakaribia asilimia 15 kabla hata fundi hajagusa kitu. Kuipunguzia mgandamizo injini ambayo tayari inakosa hewa ni kumwongezea mzigo punda aliyechoka.

Lakini hatari kubwa zaidi haiko kwenye kupanda. Busta ya breki hufanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifodi ya injini. Kemshafti kali huacha valvu ya kuingiza na ya kutolea moshi zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu, na matokeo yake injini hutetemeka ikiwa sailensa, yaani inapounguruma bila kukanyagwa mafuta, huku mvuto huo ukiwa dhaifu. Dereva akishuka mlima akiwa kwenye gia, mvuto unatosha. Wapo hata hivyo madereva wengi wenye tabia ya kutoa gia na kuteremka frii wakidhani wanaokoa petroli. Injini inashuka hadi sailensa, breki zinakanyagwa mara tatu au nne, akiba ya busta inakwisha, na kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Nyuma kuna tela la nyanya za Ilula, na mara nyingi tela lenyewe halina breki zake. Kuteremka frii ni kosa kwa gari lolote, lakini kemshafti ya namna hii hulifanya kosa hilo kuwa la kuua.

Je, ina maana kemshafti isibadilishwe kamwe? Hapana. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvuta, na zilizochakaa ni lazima zitolewe. Mnunuzi amuulize muuzaji namba, asikubali maneno “kali” au “spoti”. Ya kwanza ni nyuzi ambazo valvu hubaki wazi. Kwa injini ya silinda nne ya kuvuta, nyuzi 260 hivi au pungufu ni salama. Ya 280 kwenda juu ni ya wanaokimbizana. Hapa kuna mtego. Baadhi ya watengenezaji hupima tangu valvu inapoanza kunyanyuka, wengine huanza kuhesabu ikishanyanyuka milimita 1.27, na kemshafti ileile inaweza kuonekana ndogo kwa nyuzi 40 au zaidi. Lazima muuzaji aseme kipimo chake ni kipi. Namba ya pili ni nyuzi kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na cha nundu ya kutoa. Ikiwa 112 hivi, sailensa hutulia na breki hupata mvuto wake. Ikishuka hadi 106, mtetemo unaanza.

Hata hivyo, kabla ya kufika dukani Gerezani, gari lipimwe, maana mara nyingi kemshafti inasingiziwa. Kwenye 22R, mtuhumiwa wa kwanza ni cheni ya taimingi. Cheni ikichakaa hurefuka, na kemshafti huanza kuchelewa. Kemshafti inayochelewa huhamishia nguvu kwenye mizunguko ya juu, ugonjwa uleule unaoletwa na ile ya mashindano, isipokuwa huu umekuja bure. Mwenye gari anaona mvuto umekufa, anauziwa kemshafti kali, na ugonjwa unakuwa wa pili juu ya wa kwanza. Injini hizi zina sifa nyingine mbaya: vishikizo vya plastiki vya cheni hukatika, cheni ikaanza kusaga kifuniko cha mbele hadi maji yakaingia kwenye oili. Mlio wa cheni asubuhi gari linapowashwa usichukuliwe kama kikohozi cha uzee.

Tapeti nazo zipimwe injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa. Baada ya hapo atazame matairi. Mtu aliyetoa matairi ya inchi 28 akaweka ya 31 ili gari lionekane refu amejipunguzia mvuto kwa karibu asilimia 10, na hakuna kemshafti itakayomrudishia kwa bei nafuu kuliko kurudisha matairi yake.

Mwenye dizeli asihangaike na mjadala huu. Nguvu yake iko kwenye pampu, nozeli na mgandamizo.

Ikithibitika kwamba nundu zimelika, basi kemshafti mpya ifungwe pamoja na roka mpya. Roka ya zamani imeshachimbika kwa kufuata nundu ya zamani, na itaikwangua mpya ndani ya muda mfupi. Ukitaka kuokoa hapo, utalipa mara mbili. Nundu zipakwe grisi maalumu ya kufungia, kisha injini ikiwaka tu iwekwe kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika 20, isiachwe kwenye sailensa, kwa sababu ikienda polepole oili inayofika kwenye nundu ni kidogo. Baada ya hapo oili imwagwe pamoja na unga wa chuma uliotoka, tapeti zipimwe upya, na tela lifungwe siku inayofuata.